Ngisi wachanga hukaa kina gani?

SWALI: Katika bahari za ncha za dunia, ngisi wachanga hupatikana wapi? Mbona wavu wetu hutoa wachache mno?

JIBU: Inategemea umri. Kule Aktiki, ngisi aitwaye Gonatus fabricii, akiwa mchanga, hukaa zaidi katika mita 80 za juu, akila kopepodi (vijidudu vya majini jamii ya kamba). Kiwiliwili chake kikifikia sentimita 5 au 6, huanza kuteremka mamia ya mita. Kwa hiyo wavu wa kina kimoja hudanganya. Kusini nako, Machi 2025, ngisi mzito kuliko wote, Mesonychoteuthis hamiltoni, alipigwa picha akiwa hai katika makazi yake kilindini kwa mara ya kwanza, karibu na Visiwa vya South Sandwich: mchanga wa sentimita 30, kwenye mita 600.

Ngisi ana macho makali, na mchana hukwepa wavu mdogo. Tumieni wenye mdomo wa mita 8 za mraba, mvute usiku na mchana, kila tabaka peke yake. Kipima mtiririko kisikosekane mdomoni. Bila ujazo wa maji yaliyochujwa, idadi hailinganishiki.

Tafadhali, msiwahifadhi wote kwenye fomalini: tindikali yake huyeyusha vijiwe vya kichwani vinavyosomwa umri. Wa kupimwa umri wawekeni kwenye alkoholi.