Maswali na Majibu: NASCAR na vita ya rimoti Marekani

Tangu niandike hapa kwamba naishi Concord, North Carolina, jirani na uwanja wa mbio wa Charlotte, barua za magari haziishi. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mchezo uliokuwa unakimbizana na mpira wa Kimarekani kwenye runinga umekwama wapi? Nimechagua barua saba.

Shikamoo mzee wetu. Nimehamia Kentucky mwaka jana, na kila Jumatatu wenzangu kiwandani wanazungumza NASCAR. Ni kitu gani hasa, na hayo magari ya "stock" ni yapi? (Msomaji, Louisville)

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. NASCAR ni chama cha mbio za magari kilichozaliwa Daytona Beach, Florida. Bill France aliwakusanya wenzake hotelini Desemba 1947, na Februari 1948 chama kikasajiliwa. "Stock" ni mali iliyopo dukani. Wazo la France lilikuwa kushindanisha magari yaleyale ambayo baba mwenye familia anaweza kwenda kununua kwa muuzaji. Leo imebaki sura na nembo. Chevrolet, Ford na Toyota wanaweka majina yao kwenye gari la mbio tupu, injini ya V8, kiti kimoja, milango haifunguki. Dereva anaingia kwa dirishani miguu ikitangulia.

Wanazungumza Jumatatu kwa sababu mbio nyingi ni Jumapili mchana. Chagua dereva mmoja, shika namba ya gari lake, na Jumatatu ijayo utakuwa na la kusema.

Nimesikia kwamba mchezo huu ulipata jina kwa sababu ya theluji. Kuna ukweli? (Msomaji, Arusha)

Upo. Tarehe 18 Februari 1979 chaneli ya CBS ilirusha Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, mubashara mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa mbio ile. Miaka ya nyuma watu walizoea kuonyeshwa vipande tu. Siku hiyo dhoruba ya theluji iliwafungia watu ndani katika sehemu kubwa ya mashariki ya Marekani. Chaneli kubwa zilikuwa tatu, simu ya kuchezea mkononi haipo, watoto hawawezi kutoka nje. Mamilioni ambao hawakuwahi kuona mbio za magari wakajikuta wanatazama.

Na walichokiona! Raundi ya mwisho, Donnie Allison yuko mbele, Cale Yarborough amemganda mgongoni. Kwenye mnyoosho wa nyuma ya uwanja Cale anashuka ndani apite, Donnie anashuka naye kumziba. Magari yanagongana ubavu, yanaachana, yanagongana tena, kisha yote mawili yanapanda ukutani na kuteleza chini hadi kwenye majani ya kona ya tatu. Richard Petty, aliyekuwa mbali nyuma na hana tena matumaini, anapita na kuchukua ushindi. Petty bado anashangiliwa, kamera inarudi kwenye majani: Bobby, kaka yake Donnie, amesimamisha gari kumwangalia ndugu yake, na sasa yeye na Cale wanarushiana ngumi na mateke mbele ya taifa zima.

Waliotazama walikadiriwa kufika milioni 15. Mkanda ule nimeurudia mara nyingi, na kila mara kinachonigusa ni jinsi mtu asiyejua lolote kuhusu magari anavyouelewa wote: nani kaziba njia, nani kaudhika, nani kaokota dodo chini ya mnazi. Huhitaji mtu wa kukufafanulia. Lishike hilo, maana nitalirudia.

Kama walianza hivyo, mbona leo kila mtu anasema watazamaji wamekimbia? Na wamekimbilia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Wengi wameondoka kweli. Daytona 500 ya mwaka 2006 ilitazamwa na watu wapatao milioni 19. Ya 2025 ilipata karibu milioni 6.8, na mvua iliikatakata. Mwaka huohuo Indianapolis 500, mbio ya magari ya aina nyingine kabisa, ilivuka milioni 7. Kwa watu wa NASCAR lile lilikuwa pigo, maana kwa miaka mingi Daytona ndiyo iliyokuwa mbele.

Sababu hazifungiki kwenye kamba moja. Dale Earnhardt alifariki raundi ya mwisho ya Daytona 500 mwaka 2001, siku ileile chaneli ya FOX ilipoitangaza mbio hiyo kwa mara ya kwanza. Msiba ule ulivuta macho ya watu wengi zaidi, na kwa miaka kadhaa mchezo ulipanda. Baadaye vipenzi wakaanza kustaafu karibu pamoja: Jeff Gordon 2015, Tony Stewart 2016, Dale Earnhardt Jr. 2017. Mbio nyingi zikahamishiwa chaneli za kulipia, nyakati zilezile kaya za Marekani zilipokuwa zinakata nyaya za kebo kwa mamilioni. Kumbuka pia kwamba runinga yote ya Marekani imepoteza watu. Hata tamthilia za chaneli kubwa zimeporomoka.

Lakini mpira wa Kimarekani haukuporomoka. Mwaka 2023, kati ya vipindi 100 vilivyotazamwa zaidi nchini humo, 93 vilikuwa mechi za NFL, ligi kuu ya mpira huo. Hapa ndipo mimi naona kosa kubwa la NASCAR, nalo ni la kalenda. Msimu wao una mbio 36 za pointi, kuanzia Februari hadi Novemba. Mechi za NFL zinaanza Septemba. Hivyo mbio 10 za kuamua bingwa, ambazo zingepaswa kuwa utamu wa msimu mzima, zinaangukia Jumapili zilezile ambazo timu za mpira ziko uwanjani. Mbio ya mwisho ya mwaka 2024, iliyotoa bingwa, haikufikisha watazamaji milioni 3.

Jirani yangu ni mzee mstaafu aliyefuata mbio hizi tangu ujana. Gereji yake imejaa kofia za madereva. Ikifika Septemba anapanga runinga mbili juu ya meza ya vifaa, kushoto mbio, kulia Panthers, timu ya mpira ya hapa Charlotte. Mwanzoni nilidhani anazitazama sawasawa. Kisha nikagundua kwamba sauti inatoka kulia. Magari yanazunguka kimya upande wa kushoto, naye anayatupia jicho wakati wa matangazo ya biashara. Zikibaki raundi kumi ndipo anachukua rimoti na kuhamisha sauti. Huyo ni mtu anayeupenda mchezo kuliko wote ninaowafahamu, na ameupa raundi kumi.

Mwaka 2004 NASCAR ilibuni mfumo wa mchujo ili kupambana na vuli hii ya mpira. Pointi za madereva wa juu zikarudishwa karibu sawa zikibaki mbio 10. Mwaka 2014 wakaongeza kuwatoa madereva hatua kwa hatua, utaratibu uliodumu hadi 2025. Nia ilikuwa njema. Ila mtu wa 1979 alielewa bila kufundishwa, na wa miaka hiyo ya mchujo alihitaji kalamu na karatasi kujua nani anaongoza. Mimi ningemaliza msimu mwishoni mwa Agosti. Kati ya fainali ya mpira wa kikapu mwezi Juni na kuanza kwa NFL, ni besiboli pekee kati ya ligi kubwa za hapa inayocheza kila siku. Nafasi ipo wazi, nao wanaitumia kwa mbio za katikati ya msimu zisizoamua bingwa. Najua wenye viwanja wana mikataba na wadhamini wanataka miezi mingi. Bado naamini mbio 28 zinazotazamwa ni bora kuliko 36 zinazowashwa bila sauti.

Mzee, hesabu hii hainiingii. Watazamaji wanapungua, lakini nasoma wamepata mkataba wa mabilioni. Nani anatoa hela kwa kitu kisichotazamwa? (Mwanafunzi wa biashara, Dar es Salaam)

Swali zuri, na hesabu yako ni sahihi. Mkataba ulioanza 2001 ulikuwa wa takriban dola bilioni 2.4 kwa miaka sita. Ulioanza 2015 ulikuwa bilioni 8.2 kwa miaka kumi. Wa sasa, 2025 hadi 2031, ni bilioni 7.7 kwa miaka saba, yaani bilioni 1.1 kwa mwaka badala ya milioni 820. Watazamaji chini, bei juu.

Fikiria upande wa mwenye chaneli. Tamthilia watu wanaitazama wakati wanaotaka, wanaruka matangazo. Mbio lazima uitazame inapokimbia, na anayeuza bia au bima anajua kwamba upo mbele ya kioo saa hiyo. Watu milioni 2 na nusu waliokaa saa tatu mfululizo, Jumapili baada ya Jumapili, ni kitu ambacho chaneli nyingi za Marekani hazina tena. Juu ya hapo, kila gari ni tangazo linalotembea, na mtazamaji hawezi kuliruka.

Ila pima na wenzao. NFL imeuza haki zake kwa takriban dola bilioni 110 kwa miaka 11. Ligi ya kikapu, NBA, ni karibu bilioni 77 kwa miaka 11. NASCAR wako kwenye chumba kimoja na matajiri hao, ila wamekaa karibu na mlango.

Formula 1 imewapita huko Marekani? (Msomaji, Nairobi)

Kwa gumzo, naweza kukubali. Kwa watazamaji wa runinga, hapana. Mbio ya kawaida ya Formula 1 ilikuwa inapata kiasi cha watu milioni 1 na kidogo kwenye chaneli ya michezo ya ESPN, nusu ya NASCAR au pungufu. Formula 1 walichofanikiwa ni kuwapata vijana wa mijini na akina dada, hasa baada ya kipindi cha Netflix kilichoanza 2019 kuwaonyesha madereva wakiwa watu, wanaolia na kukasirika. Wakapata mbio za Miami 2022 na Las Vegas 2023.

NASCAR walijibu kwa ujasiri ambao naupongeza: Julai 2023 walikimbia katikati ya jiji la Chicago, barabarani, kwenye mvua, na mgeni kutoka New Zealand, Shane van Gisbergen, akashinda mbio yake ya kwanza kabisa katika ngazi hiyo. Ilipita miaka 60 bila mtu kufanya hivyo. Nilikuwa kwa jirani yangu siku ile. Mzee hakukaa chini, na sauti ilikuwa juu.

Kuna Mweusi yeyote kwenye mbio hizi, au ni mambo yao wenyewe? (Msomaji, Bujumbura)

Wapo, ingawa wachache mno. Wendell Scott alishinda mbio ya ngazi ya juu Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963. Siku ile ushindi akapewa Mzungu, Buck Baker. Saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshaondoka, ndipo wakakiri kwamba Scott ndiye aliyekuwa mbele. Familia yake ilisubiri miongo kupewa kombe la heshima yake. Mweusi wa pili kushinda alikuwa Bubba Wallace, Oktoba 2021 huko Talladega, akiendesha gari la timu ambayo Michael Jordan ni mmoja wa wamiliki. Miaka 58 katikati. Mchezo unaolalamika kwamba hauna watazamaji wapya uanze kwa kuhesabu miaka hiyo.

Babu, niko Tanga na napenda magari tangu Safari Rally. Nianzie wapi, na saa ngapi? (Kijana wa Chumbageni)

Anza na Daytona 500, Februari. Kwa kawaida bendera ya kijani inashushwa saa nane na nusu mchana kule Florida, ambayo kwako ni saa nne na nusu usiku. Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza zitakuwa zimekwisha, kwa hiyo hutagombana na mtu sebuleni. Mbio ni raundi 200 za kilomita 4 na kidogo kila moja, jumla kama kilomita 805, na inaweza kukufikisha saa nane usiku. Kwenye uwanja wa mviringo kama huu, tofauti na barabara za Chicago, mvua ikinyesha wanasimama kabisa, si kama rali inayokwenda kwenye tope.

Usijilazimishe kuitazama yote. Angalia raundi 20 za mwanzo uone magari yanavyofuatana pua kwa mkia, wa nyuma akipumzishwa na upepo unaokatwa na wa mbele. Kisha nenda kalale kidogo, weka kengele ya saa saba na nusu. Kwenye kona, njia imelala nyuzi 31, mwinuko ambao kwa miguu ungepanda kwa mikono. Raundi 20 za mwisho magari yaliyobaki yanaupita huo kwa kilomita 300 kwa saa, yakiwa yamebanana kama abiria wa daladala, na wote wanajua kwamba wa pili bado anaweza kumpita wa kwanza. Niandikie asubuhi uniambie ulimchagua nani.