Barua kwa mwanangu: pesa ya shamba itume kabla ya mvua

Malindi

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema huko Leicester, mwezi huu wa Machi, wenzako wa kazini wanaatika nyanya ndani ya nyumba, dirishani, wakihofia baridi ya usiku isiziue, nawe ukalikumbuka shamba la marehemu babako hapa Ganda. Umeniuliza: utume pesa ya vibarua sasa, au ungoje mvua ya Aprili ishike?

Tuma sasa. Mvua ikishanyesha humpati mtu. Kila mmoja yuko kwao na jembe lake, na atakayekubali atakutajia bei ya kukufukuza.

Kaskazi imelegea, joto hili la maleleji, kati ya kaskazi na kusi, ni la kukaa chini ya mwembe, lakini ndiyo saa ya kufyeka. Majani sichomi. Mchanga wetu hauna nguvu, acha yaoze mle mle. (Babako alikuwa akiyachoma. Tuligombana kila mwaka.)

Kinachonikosesha usingizi ni minazi. Ule ulioanguka mwaka jana gogo lake limeoza, na ndani mmejaa mabuu meupe, manono. Ndio chonga hao, mbawakawa wa minazi. Wakikomaa huruka usiku, wakatoboa kilele cha mnazi mchanga, na kuti likifunguka unaliona limekatwa pembepembe kama kwa mkasi. Katika ile miche 3 uliyoipanda kabla ya safari, mmoja umeshaingiwa. Mdudu nilimvuta kwa waya niliopinda ncha kama ndoana. Basi pesa ya kwanza ni ya kupasua gogo hilo na kulitia moto, huo moto naukubali, kisha kuipindua samadi iliyo karibu, maana huzaliana humo pia.

Mashimo ya minazi mipya yachimbwe sasa, futi 2 kwenda chini, futi 30 toka shimo hadi shimo. Samadi itangulie, miche ifuate mvua.

Mahindi niachie mimi. Nitanunua PH4, mbegu ya huku pwani, na tarehe ya paketi nitaisoma na miwani yangu. Ila sipandi na manyunyu ya kwanza tena. Mwaka juzi yalinidanganya mwisho wa Machi: mahindi yakaota vizuri, jua likarudi wiki 2, nikabaki na mabua makavu marefu kama kidole. Siku hizi nachimba kwa mkono. Nikikuta unyevu umeshuka shubiri nzima, ndipo natia mbegu, na kunde katikati ya mistari.

Vibarua ni wawili, nimewaambia waje Jumatatu. Mmoja ataka nusu mkononi kabla hajashika panga.

Mche wako ule ulioingiwa naupitia kila asubuhi. Jana umetoa kuti jipya, bado limejifunga.

Mamako