Mguu wa mtoto uliokakamaa

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka 6 ana mtindio wa ubongo na hutembea kwa ncha za vidole, kwani kisigino hakigusi chini. Je, ni lazima apasuliwe?

JIBU: Si lazima, mama, na upasuaji sio hatua ya kwanza. Kwanza daktari wa mifupa huukunja wayo wake kuelekea juu kwenye kifundo, goti likiwa limenyooka, kisha goti likiwa limekunjwa. Wayo ukipanda pale tu goti linapokunjwa, uliofupika ni msuli wa juu wa shavu la mguu, unaovuka goti. Usipopanda hata hivyo, msuli wa chini au kano ya kisigino (utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa) nayo imefupika.

Ikiwa misuli inakaza tu lakini bado inanyooka, sindano ya sumu ya botulinamu huilegeza kwa takriban miezi mitatu, ingawa haiwezi kurefusha msuli uliokwisha kufupika. Kwa ufupi wa kiasi hufungwa plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, inayobadilishwa kila wiki moja au mbili huku mguu ukisogezwa juu kidogo kidogo, kisha mtoto huvaa kishikizo cha plastiki cha kifundo ili usirudi nyuma. Mazoezi ya kunyoosha huendelea wakati wote.

Hayo yakishindwa, kano hurefushwa kwa upasuaji. Nakusihi usiukimbilie: kano ikirefushwa kupita kiasi, mguu hukosa nguvu ya kusukuma na mtoto huishia kutembea magoti yamekunjika, hali ambayo ni ngumu zaidi kuirekebisha.