Binti yangu ana kifafa: keto ipi itamfaa?

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 7. Anatumia dawa mbili za kifafa lakini bado anaanguka, hasa alfajiri. Wifi yangu aliyeko Uingereza anasema huko watoto kama yeye hupewa mlo wa keto. Nimetafuta kwenye simu nikakuta keto za kila aina, nyingine za kupunguza unene. Ipi ni yake? Na nikianza, dawa niache? – Mama wa Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa alfajiri hizo. Dawa usiache. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, mtoto anaweza kupata degedege lisilokoma, na hilo linaua. Mlo huu huenda sambamba na dawa. Kuzipunguza ni kazi ya daktari, baadaye, akiona hali imetulia.

Wifi yako amekwambia kweli. Mlo huu ulianza kutumika kwa kifafa mwaka 1921, katika hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Mtoto akipunguziwa wanga sana na kuongezewa mafuta, ini hutengeneza ketoni, na ubongo huzitumia badala ya sukari. Utafiti wa London uliotoka 2008 ulihusisha watoto 145 ambao dawa zilikuwa hazijawatosha. Baada ya miezi 3, asilimia 38 ya waliopewa mlo walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa wasiopewa, asilimia 6. Kwa hiyo unasaidia, ila si kila mtoto.

Keto ya asili ndiyo kali kuliko zote: gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Kila tonge linapimwa kwenye mizani. Ipo nyingine inayotumia mafuta maalumu yanayoitwa MCT, inayoruhusu wanga zaidi kidogo, lakini huharisha baadhi ya watoto. Tafadhali usidanganywe kwamba mafuta ya nazi ni yaleyale. Nazi ni chakula kizuri, ila sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina nyingine.

Ninazokutakia uzizungumze na daktari ni mbili zilizolegezwa. Atkins iliyorekebishwa haina mizani: wanga ni kama gramu 10 hadi 20 kwa siku, mafuta kwa wingi, protini bila kipimo. Nyingine huruhusu gramu 40 hadi 60 za wanga usiopandisha sukari haraka, kama maharage kidogo. Delhi, India, kwa watu wa wali na dengu, walizilinganisha hizi mbili na keto ya asili kwa watoto 170, matokeo yakatoka 2020. Ya asili ilipunguza degedege zaidi, kwa kama asilimia 66, Atkins 45, na hiyo ya wanga usiopandisha sukari haraka 54. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na madhara machache zaidi. Mimi naamini mlo ambao nyumba yako inaumudu kila siku ni bora kuliko ule mkali utakaokushinda wiki ya pili.

Kwenye Atkins, ugali, wali, muhogo na chai ya sukari vinaondoka. Vinabaki mayai, samaki, dagaa wa kukaanga, parachichi, tui zito, mchicha uliojaa mafuta. Bibi na majirani waambiwe mapema, maana andazi moja la huruma linaweza kumaliza wanga wa siku nzima.

Usianze peke yako. Yapo magonjwa ya kuzaliwa ambayo mwili hauwezi kuchoma mafuta, na mtoto wa namna hiyo mlo huu unaweza kumuua, ndiyo maana hupimwa kwanza. Akianza, atahitaji vitamini na kalsiamu, maji ya kutosha ili kuzuia mawe ya figo na choo kigumu, na kupimwa uzito na urefu mara kwa mara.

Kabla ya yote, mwombe daktari ahakikishe dozi inalingana na uzito wake wa sasa. Mtoto hukua, dozi ikabaki ya mwaka juzi. Nenda na daftari la siku anazoanguka pamoja na chupa zenyewe za dawa. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, na akianza mlo huenda zikabadilishwa ziwe vidonge.