Anzeni na Mawe: Kwa Wanaoingia Kwenye Utafiti wa Barafu za Mlima Kenya

Pendekezo la utafiti linaloanza na maneno "barafu ya Mlima Kenya inayeyuka kwa kasi" huwa namrudishia mwenyewe kabla sijafika ukurasa wa pili. Si kwamba ni uongo. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima huu ulihesabiwa kuwa na mito ya barafu 18. Ule wa Gregory umekwisha. Ule wa Lewis, ambao umefuatiliwa kwa makini kuliko mingine yote mlimani, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kisha ukakatika vipande viwili. Lakini hayo yameshasemwa, na waliosema walipanda na vigingi vya kupimia barafu mgongoni msimu baada ya msimu. Ninachotaka kujua ni wewe utaongeza nini.

Kwa hiyo usianze na barafu yenyewe. Anza na kile ilichokiacha. Barafu iliyobaki ni vipande vilivyojibanza juu ya mita 4,500, na wengi wanaopanda hupiga picha hapo wakashuka. Mwanajiolojia J. W. Gregory alipofika mlimani mwaka 1893 alitambua kwamba zamani barafu ilishuka chini sana kuliko alipoikuta, na hakuwa na chombo chochote cha ajabu, alisoma ardhi. Nawe shuka polepole Bonde la Teleki kutoka kambi ya Mackinder. Utaona sakafu pana, kuta zilizosimama pande zote mbili, na kando yake matuta marefu ya mawe na udongo. Hayo matuta ndiyo moreni, na yanafuatana hadi mwinuko wa karibu mita 3,200. Ukipitia upande wa Chogoria, simama juu ya jabali la Temple utazame Ziwa Michaelson lilivyolala chini kabisa kwenye Bonde la Gorges. Barafu yote ya leo ikikusanywa mahali pamoja isingeweza kuchonga hata kona moja ya bonde lile.

Sasa, si kila tuta ni moreni. Hapa ndipo wanaoanza hupotea, hasa waliojifunzia kwenye vitabu vyenye picha za Alps. Mlima Kenya ni volkano iliyokufa zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Huku kuna maporomoko ya ardhi, tope la volkano lililokauka, na kingo za lava, na vyote hivyo hufanya matuta yanayopendeza kwenye picha ya setilaiti. Nenda kwenye tuta, tafuta mahali ambapo kijito kimelikata, uangalie ndani. Barafu haichagui mzigo: utakuta mawe makubwa kwa madogo yamekaa ndani ya unga laini bila tabaka, kama zege iliyokorogwa ikamwagwa. Kisha geuza mawe yenyewe. Yaliyosagwa chini ya barafu huwa na nyuso zilizolainika na kona zilizolika, na mengine yana mikwaruzo. Mawe yaliyobebwa juu ya barafu baada ya kuanguka kutoka ukutani hubaki na makali yake. Kwa hiyo tuta lenye mawe makali matupu, lililo chini ya ukuta wa jabali, litilie shaka. Hesabu mawe mia moja kwenye kila tuta, uandike umbo la kila moja. Ni kazi ya kuchosha, haina heshima yoyote, na ndiyo itakayokuokoa siku ya kutetea tasnifu.

Mikwaruzo kwenye mwamba uliolala ipimwe kwa dira, sehemu nyingi, si moja. Mmoja pekee unaweza kuwa umetokana na jiwe lililoteleza jana. Na dira yenyewe isikulaghai: baadhi ya miamba ya volkano ina sumaku ya kutosha kuivuta sindano. Pima ukiwa umesimama mbali kidogo na jabali, au linganisha na mwelekeo unaousoma kwenye ramani.

Tukija kwenye umri wa moreni, nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Siku hizi kila mtu anataka kutumia beriliamu-10. Miale ya kosmiki inapopiga mwamba uliofunuliwa, hutengeneza chembe hizo ndani ya madini yaitwayo kwatsi, na wingi wake hukuambia jiwe limekaa wazi kwa muda gani. Njia nzuri sana. Tatizo ni kwamba Mlima Kenya hauna kwatsi ya kukutosha. Umejengwa kwa miamba ya aina ya fonolaiti, trakaiti na saenaiti. Nimeshawahi kusoma mapendekezo yaliyoandikwa vizuri, yenye bajeti iliyokamilika, ambayo mwandishi wake hakuwa amejiuliza kama madini anayoyahitaji yapo. Huku, na Kilimanjaro pia, waliotangulia walitumia klorini-36, ambayo hutokea ndani ya madini yenye kalisi na potasiamu. Gharama yake ni kwamba lazima ujue kemia ya jiwe lako kwa undani, pamoja na klorini iliyokuwamo tangu mwanzo, la sivyo hesabu itakudanganya. Ukiitaka beriliamu-10 kwa lazima, nenda Rwenzori. Ule mlima si volkano. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu za Bonde la Ufa, na kwatsi imo.

Jiwe la kuchukulia sampuli liwe kubwa, lizidi mita moja kwa kimo, likae kwenye mgongo wa moreni na si ubavuni, na juu yake liwe bapa. Mawe madogo waachie mlima. Huku juu maji ya udongoni huganda karibu kila usiku na kuyeyuka karibu kila mchana, na sindano za barafu zinazochipuka ardhini husukuma kokoto na kuzigeuza. Carl Troll, aliyepima barafu ya Lewis mwaka 1934 pamoja na Karl Wien, aliandika sana juu ya udongo huu usiotulia. Bandua kwa nyundo na tindo sentimita chache za juu, piga picha kabla na baada, na upime kwa klinomita, yaani kipima mwinamo, pembe ya upeo wa milima pande zote, kwa sababu kilele kinachokinga anga kinapunguza miale. Namba ya sampuli iandike kwenye mfuko, kwenye karatasi ndani ya mfuko, na kwenye daftari. Kwenye simu pia ukipenda, lakini simu huzima kwa baridi.

Umri ukirudi kutoka maabara, usiukubali kirahisi. Mawe matano ya tuta moja yatakupa majibu matano tofauti. Moja huenda lilikuwa limefunuliwa ukutani kabla barafu haijalibeba, nalo litaonekana zee kuliko tuta. Jingine lilikuwa limezikwa likachomoza baadaye tuta lilipomomonyoka, nalo litaonekana kijana. Kuchukua wastani ni uvivu. Lazima uamue ni jiwe gani linasema kweli na ueleze kwa nini, na sababu hizo ziko kwenye daftari la mlimani.

Kaboni-14 kutoka kwenye tope la maziwa madogo ni rahisi zaidi, ila ujue inapima nini. Inakupa wakati mimea ilipoanza kuacha mabaki ziwani, si siku barafu ilipoondoka. Ni umri wa chini kabisa. Halafu kuna mtego wa tarakimu za zamani. Daniel Livingstone alitoa tope kwenye Ziwa Mahoma, Rwenzori, na mwaka 1962 akachapisha umri wa takriban miaka 14,700 ya kaboni. Namba hiyo bado inanakiliwa kana kwamba ni ya kalenda. Ukiirekebisha inakaribia 18,000. Tofauti ya miaka elfu tatu inatosha kabisa kukufanya uhusishe barafu na tukio la hali ya hewa lisilohusiana nayo.

Na hali ya hewa ndiyo swali lenyewe. Barafu hukua kwa theluji na hupungua kwa joto, jua na ukavu, kwa hiyo moreni haisemi "kulikuwa na baridi." Inasema tu kwamba hesabu ya kuingia na kutoka ilisimama pale kwa muda. Kilimanjaro imewafundisha wengi unyenyekevu. Ramani ya 1912 ilionyesha karibu kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia 2007 hazikufika 2. Mtu akisikia hivyo atasema joto limeyeyusha. Ila kileleni Kibo hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote, na barafu nyingi hupotea kwa jua kali na kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji; ndiyo maana kingo zake zimesimama wima kama unavyoziona. Georg Kaser na wenzake walionyesha kwamba ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 una mchango mkubwa. Baadhi ya watu wakalichukua hilo wakadai dunia haipati joto, jambo ambalo watafiti hao hawakulisema. Mtasukumwa mchague upande, hasa na waandishi wa habari. Waelezeni kwamba mvua ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa inatoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo nayo inabadilika.

Halafu linganisheni na zamani. Wakati wa kilele cha Enzi ya Barafu eneo letu lilikuwa kavu. Baadaye kidogo, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, Ziwa Victoria lenyewe lilikauka. Hata hivyo vipimo vya beriliamu-10 kutoka Rwenzori, kazi ya kina Meredith Kelly na James Russell, vinaonyesha barafu ilikuwa imetanda katika ukavu ule wa kilele cha Enzi ya Barafu. Hapo lazima baridi ndiyo iliyotawala. Kwa hiyo mlima mmoja leo unalia ukavu, na mlima jirani zamani ulinenepa katikati ya ukavu. Kwangu mimi hilo ni swali linalofaa tasnifu kuliko picha kumi za barafu inayopungua.

Mkikokotoa mwinuko wa mizania ya barafu ya kale, yaani pale inapopata sawa na inapopoteza, msinakili uwiano wa sehemu ya kujikusanyia na ya kuyeyukia unaotumika Alps. Huku hakuna majira ya baridi na ya joto kama ya Ulaya. Theluji huja zaidi na mvua za masika na vuli, na sehemu ya chini huyeyuka mwaka mzima. Sehemu ya kuyeyukia huwa fupi, na ile ya kujikusanyia huwa kubwa kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema. Henry Osmaston, aliyetembea Rwenzori na Kilimanjaro kwa miaka mingi, alitengeneza njia ya hesabu inayozingatia hilo. Anzeni na yake.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Kenya utahitaji cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (hifadhi za taifa). Uganda ni UNCST (baraza la sayansi) na UWA (mamlaka ya wanyamapori). Ruhusa ya kutoa mawe nje ya nchi iulizie tangu mwanzo, usingoje mpaka magunia yako yafike uwanja wa ndege. Mlimani ongezeni siku za kuzoea mwinuko kwenye bajeti hata msimamizi akinung'unika. Mtu anayeumwa kichwa hapimi mikwaruzo sawasawa. Kazi ya macho ifanyike alfajiri hadi saa nne, maana adhuhuri ukungu hupanda. Na wapagazi wenye umri walipeni vizuri, kisha waulizeni barafu ilikuwa inafika wapi walipoanza kazi. Hawatakupa kipimo, lakini watakuonyesha jiwe, na jiwe unaweza kulipima.

Kama hakuna pesa ya maabara, bado kuna kazi ya kutosha shahada ya uzamili. Chukua picha za setilaiti, chora kila tuta la bonde moja ambalo halijachorwa kwa undani, halafu upande ukakague hata robo yake kwa miguu. Tafuta picha za zamani, kuanzia zile za msafara wa Halford Mackinder wa 1899, usimame ilipowekwa kamera, upige tena. Mwamba uliofunuliwa katikati ya picha hizo mbili bado unang'aa, mimea ndiyo inaanza kuushika, na unajua ulikuwa chini ya barafu mwaka gani. Pima hapo, kabla lobelia hazijafika.