Pua ya mbwa haipimi homa

Assalaam alaykum. Umeuliza kama kumgusa mbwa pua kunatosha kujua ana homa, na kama unaweza kumpima mwenyewe nyumbani bila ya kumuumiza wala kung'atwa. Mie niko Pemba, upande wa Wete, nafuga mbwa wa kufukuza tumbili kwenye muhogo mwaka wa saba huu, basi nakujibu kwa niliyoyapitia.

Pua iache. Mwaka juzi mbwa wangu alishinda kalala chini ya mwembe, chakula hakigusi. Jirani akamgusa pua, baridi na imelowa: "Huyu hana kitu." Nilipompima nikakuta nyuzi 40.6. Daktari wa mifugo alipofika akakuta kupe wamejaa masikioni na baina ya vidole, akamtibu homa ya kupe. Ningeisikiliza pua ningemzika. Mkono nao unadanganya, kwa sababu mbwa mzima joto lake ni nyuzi 38.3 mpaka 39.2. Kwa binadamu hiyo ni homa tayari, kwa hiyo ukimshika tumbo siku zote utamwona wa moto.

Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa, kile ambacho ncha yake inapinda. Cha kioo chenye zebaki usikitumie, mbwa akijitupa kitavunjikia ndani. Vile vya kumulika kwenye paji la uso manyoya yanavipoteza.

Mbwa anapimwa kwa njia ya haja kubwa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Muwe wawili. Mmoja, yule mbwa anayempenda, amkumbatie shingo kichwa kiwe kifuani pake, mkono wa pili aupitishe chini ya tumbo asiweze kukaa. Wewe simama ubavuni, si nyuma. Paka ncha vaselini, inua mkia taratibu, ingiza kwa kuzungusha kidogo kidogo, kama sentimita 2 tu, mbwa mdogo hata pungufu. Kikikwama usisukume, subiri alegee. Na hili hakuna aliyeniambia, nililigundua mwenyewe: egemeza kiganja chako kwenye paja lake, akisogea mkono usogee naye. Kikilia, chomoa usome.

Akianza kunguruma kweli kweli, acha. Kwapani panapimika, ila namba inatoka chini kuliko ilivyo, uichukulie kama dalili tu. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anatokwa na mate na kung'ata ovyo, usimkaribie kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Watu wakae mbali naye, umwite daktari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wakati. Nilimpima saa saba mchana, katoka mbio kufukuza tumbili, nikasoma 39.8, nikampigia daktari roho juu. Akacheka: "Mpumzishe kivulini nusu saa, umpime tena." Ikawa 39.0. Siku hizi akitulia ndipo nampima. Ikizidi 39.4 hali katulia, hiyo ni homa. Ikifika 40 napiga simu, 41 ni hatari ya roho. Ikishuka chini ya 37.2 nayo si habari njema.

Kama ni jua la kaskazi limempiga, anahema ulimi nje na anayumba, mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, umpeleke kwa daktari. Usimfunge mdomo, kuhema ndiyo jasho lake. Na parasetamoli au diklofenaki za nyumbani usimpe hata robo. Dawa za maumivu za watu zinaua mbwa.

Kuhusu najisi, maana najua ndilo swali la pili: mimi navaa glavu, nikiguswa na mate au unyevu wake naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Kipimajoto nakiosha kwa sabuni na spiriti, nimekiandika MBWA kwa kalamu nene, kinakaa kwenye kopo bandani wala hakiingii ndani. Mke wangu ndivyo alivyoamua, na kwa hilo sikubishana naye.

Shida iliyobaki ni kwamba mbwa keshaujua mlio wa mfuniko wa kopo. Akiusikia tu, kashafika kwenye migomba. Sasa namwonyesha dagaa kwanza, kopo baadaye.