Kabla ya Kulipa Kodi ya Miezi Sita Kisutu au Upanga

Anayetafuta nyumba ya kupanga katikati ya Dar es Salaam, hasa Kisutu, Upanga au Kariakoo, kwa kawaida huoneshwa sebule, vyumba na jiko, kisha huulizwa papo hapo kama ana kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Nimekuwa mpangaji katika maeneo hayo kwa miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba vyumba ndivyo vya mwisho kukaguliwa. Kwanza mjue mwenye nyumba, kisha ulijue jengo.

Suala la mwenye nyumba ni zito zaidi mjini kwa sababu ya historia. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana hadi leo fleti nyingi za katikati ya jiji ni mali ya Shirika, na anayekufungulia mlango huenda naye ni mpangaji. Wapo wanaozipangisha tena kimyakimya kwa kodi kubwa kuliko wanayolipa wao, na wapo wanaoziachia kwa kilemba, yaani malipo ya mkupuo ya kuachiwa nyumba, ilhali mikataba yao haiwaruhusu. Ukiingia kwa njia hiyo jina lako haliandikwi popote, na siku ya ukaguzi wewe ndiye utakayetakiwa kuondoka, huku aliyepokea fedha zako hapatikani kwenye simu.

Kwa hiyo, dalali akikuambia kwamba mwenye nyumba yuko safarini na kwamba kuna mteja mwingine anayekuja na fedha jioni, usiharakishwe. Omba kuona hati ya nyumba au mkataba wa Shirika wenye jina la mtu huyo, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukamuulize mtendaji, ambaye mara nyingi anazijua nyumba za mtaa wake na migogoro yake, ikiwamo ile ya mirathi ambayo ndugu hawajaimaliza. Kodi ilipwe benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. Dalali naye ana haki yake, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, lakini umpe baada ya kukabidhiwa funguo.

Kuhusu jengo, naomba msomaji asilichukulie kama jambo la wahandisi peke yao. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka likaporomoka Kariakoo na kuua wengine wengi. Shuka ghorofa ya chini uangalie kama fremu za maduka zinapanuliwa kwa kubomoa kuta, kama kuna uchimbaji chini ya jengo au kwenye kiwanja cha jirani, na kama nguzo zina nyufa. Ukiona hayo, ondoka, hata kama kodi ni nafuu.

Maji yakague jioni, wakati wapangaji wote wamerudi, kwa sababu bomba linalotoka vizuri saa nne asubuhi laweza kukauka saa mbili usiku kwenye ghorofa ya tano ambako pampu ndiyo tegemeo. Yaonje pia, kwani visima vingi vya mjini vina chumvi. Uliza ada ya huduma inagharamia nini hasa: mlinzi, usafi, lifti, au pia mafuta ya jenereta umeme unapokatika.

Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iwe ya fleti yako peke yako. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na fleti iliyokaa miezi bila mtu hulimbikiza deni ambalo humwangukia anayenunua umeme wa kwanza. Kisheria mlipaji wa kodi hiyo ni mwenye jengo, hivyo mkubaliane mapema kwamba kiasi kinachokatwa kitapunguzwa kwenye kodi yako ya pango.

Pamoja na usumbufu huu wote, bado ninapendekeza kukaa mjini kwa mtu anayefanya kazi huko. Mvua kubwa zinapofunga barabara ya Morogoro pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yakasimama, mkazi wa Upanga hutembea kwa miguu hadi ofisini. Kelele zipo, hasa Kariakoo ambako mizigo hushushwa usiku, na maegesho ni haba.

Mkataba uandikwe na kusainiwa mbele ya wakili au mwenyekiti wa mtaa. Utaje muda wa notisi kwa pande zote mbili, nani anatengeneza bomba likipasuka ndani ya ukuta, namba ya mita na hali ya kila chumba siku ya makabidhiano, pamoja na kitakachorudishwa ukilazimika kuhama kabla ya kodi uliyotanguliza kuisha. Kipengele hicho cha mwisho wenye nyumba wengi hukikwepa, nacho ndicho cha kukisisitiza zaidi kabla hujasaini.